The Hay Wain na John Constable: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Picha hii ya mchoraji Mwingereza John Constable wengi tuliiona kabla ya kujua jina lake: kwenye kalenda, kwenye bati la biskuti, kwenye ukuta wa chumba cha kusubiria. Gari la farasi liko ndani ya maji, nyumba yenye paa jekundu iko kushoto, mbwa yuko ukingoni, na juu ya vyote mawingu yametanda. Ni rahisi kuipita tu. Mimi niliipita kwa miaka. Haya ni majibu ya maswali ninayoulizwa zaidi na watu wanaoanza kuitazama. Baadhi nimeyajibu kwa mstari mmoja, mengine nimekaa nayo.

Jina lake lina maana gani?

Wain ni neno la kale la Kiingereza la gari linalokokotwa na wanyama. Hay ni nyasi zilizokatwa na kukaushwa kwa ajili ya mifugo, zile ambazo wafugaji wetu wa ng'ombe wa maziwa huziita hei. Kwa hiyo ni Gari la Nyasi Kavu.

Hilo lakini silo jina aliloipa mchoraji. Alipoipeleka kwenye maonyesho ya Royal Academy, chama cha wasanii chenye shule yake jijini London, mwaka 1821, aliiandikisha kama Mandhari: Adhuhuri. Jina tunalolitumia leo lilikuwa la utani, lilitoka kwa rafiki yake mkubwa, kasisi John Fisher, likashika. Mimi nalipenda zaidi lile la kwanza, maana linataja kitu alichokuwa akikifuata kweli: saa ya mchana, jua la utosini, na mwanga unaokuja na kuondoka kadiri mawingu yanavyopita.

Ina ukubwa gani?

Sentimita 130 kwa 185, rangi za mafuta kwenye turubai. Kwa hiyo ukiijua kwa kadi ya posta tu, bado hujaiona. Ni ya tatu kati ya picha zake sita za mto Stour zinazojulikana kama picha za futi sita, alizozitoa kati ya 1819 na 1825. Ukubwa huo zama zile uliwekewa visa vya Biblia, wafalme na vita. Constable aliuchukua akawapa wakulima, farasi wao na mto wao.

Mahali pale ni pa kweli?

Ni pa kweli. Ni Flatford, kwenye mto Stour, mpakani mwa wilaya za Suffolk na Essex, mashariki mwa Uingereza. Nyumba iko upande wa Suffolk; malisho yale mapana upande wa kulia ni Essex. Maji unayoyaona mbele ni bwawa la kinu cha kusagia nafaka, na kinu chenyewe kiko nyuma ya mtazamaji, hakimo kwenye picha. Kinu hicho kilikuwa mali ya baba yake mchoraji.

Jambo hilo la mwisho lishike, kwa sababu linabadilisha namna ya kuitazama picha. Aliyesimama pale si mgeni aliyepita akavutiwa na mandhari. Ni mtoto wa mwenye kinu, amesimama uani kwao.

Ile nyumba ni ya nani?

Ya Willy Lott, mkulima. Inasimuliwa kwamba aliishi humo zaidi ya miaka 80, na kwamba katika umri wake wote alilala nje ya nyumba hiyo siku nne tu. Constable aliichora mara nyingi tangu akiwa kijana, kutoka upande huu na ule. Kwenye picha yetu mwanamke ameinama kwenye gati dogo mbele ya nyumba, anashughulika na maji. Wengi hawamwoni mpaka waonyeshwe.

Gari linafanya nini ndani ya maji?

Linavuka. Pale maji ni mafupi, farasi wanapita bila shida. Gari ni tupu, linaelekea ng'ambo kwenye malisho, ambako wakata nyasi wako kazini na gari jingine tayari linapakiwa. Ukikaza macho upande wa kulia, mbali, utawaona: vidoa vyeupe vya mashati, basi. Huenda pia wamesimama kidogo kuwapoza farasi miguu, na kulowesha magurudumu. Siku za joto mbao hukauka na kusinyaa, pete ya chuma ya gurudumu hulegea. Zikilowa, zinavimba na pete inakaza tena. Kila aliyewahi kuwa na jembe lenye mpini uliolegea akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji anaijua hekima hiyo.

John Constable alikuwa nani?

Alizaliwa tarehe 11 Juni 1776 katika kijiji cha East Bergholt, Suffolk, karibu kabisa na Flatford. Baba yake, Golding Constable, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka mwenye vinu na matishari ya kusafirisha unga na nafaka mtoni. Kijana alitegemewa arithi kazi hiyo, na kwa muda aliifanya. Mwaka 1799 akaruhusiwa kwenda kusoma uchoraji katika shule ya Royal Academy, na hatimaye mdogo wake, Abram, ndiye aliyeubeba mzigo wa biashara ya familia.

Kazi ya kinuni haikupotea bure. Mwenye kinu huishi kwa kusoma upepo, mvua na kina cha maji; akikosea, anakula hasara. Constable alitoka na macho hayo.

Hakuwahi kukanyaga nje ya Uingereza. Wenzake walikwenda Italia kutafuta magofu na machweo. Yeye aliamini kwamba maili chache za bonde la Stour zilimtosha. Katika barua kwa Fisher ya Oktoba 1821 aliandika kwamba alivipenda vitu kama sauti ya maji yanayotoroka kwenye mabwawa ya vinu, mierebi, mbao kuukuu zilizooza, nguzo zenye utelezi na kuta za matofali. Humo humo akasema kwamba kwake uchoraji ni jina jingine la hisia, na kwamba kingo za Stour ndizo zilizomfanya kuwa mchoraji. Sijui orodha ya vitu vya kupendwa iliyo nyenyekevu kuliko hiyo. Mbao zilizooza!

Aliichora palepale mtoni?

Hapana, na hili huwashangaza watu kuliko jibu lolote jingine. Picha hii ya kiangazi ilichorwa London, wakati wa baridi, majira ya 1820 kuingia 1821. Constable alikuwa na mke na watoto, amekaa mjini, kilomita mia moja hivi kutoka Flatford, na ilimbidi aikamilishe kabla ya maonyesho ya mwaka ule.

Alitumia nini basi? Michoro midogo ya rangi za mafuta aliyokuwa ameichora kando ya mto miaka kumi nyuma. Kumbukumbu. Na msaada wa nyumbani: alipofika kwenye gari akagundua hana uhakika wa umbo lake, na kupitia Abram akamwomba kijana John Dunthorne, mtoto wa rafiki yake wa kijijini, amchoree gari la mavuno na kumpelekea. Hebu fikiria: nje ni Februari ya London, moshi na ukungu, naye ndani ya chumba anasubiri barua kutoka kwao yenye mchoro wa gari la nyasi, ili aweze kuiendeleza adhuhuri yake. Aliyeishi mbali na kwao anajua jinsi mtu anavyoweza kukumbuka rangi ya ukuta wa nyanya yake, halafu akasahau idadi ya madirisha.

Kabla ya picha yenyewe alichora rasimu ya ukubwa uleule, turubai nzima ya karibu mita mbili, kwa ajili ya kujaribia tu. Hakuna aliyemwomba, hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo. Rasimu hiyo ipo, katika jumba la Victoria and Albert, London. Humo karibu na mbwa kuna mtu juu ya farasi. Kwenye picha ya mwisho alimwondoa, akabaki mbwa peke yake, anaangalia gari. Ule uwazi mtulivu wa mbele, ambao macho yetu hupita juu yake bila kukwama, mwanzo ulikuwa na mtu.

Kwa nini mawingu yamechukua nafasi kubwa hivyo?

Kwa sababu kwake anga ndiyo iliyotawala hisia ya picha nzima. Familia ilikuwa ikipanga nyumba kule Hampstead, kwenye mwinuko juu ya London, na miaka ya 1821 na 1822 alichora huko mawingu matupu, karatasi baada ya karatasi, bila nchi kavu chini yake. Nyuma ya nyingi aliandika tarehe, saa, na upepo ulikotoka. Watu wa hali ya hewa wamezipitia na kuona kwamba aliangalia vizuri.

Kwenye The Hay Wain tazama upande wa kushoto, juu ya nyumba: kiza kimekusanyika, manyunyu si mbali. Kisha tazama malisho ya kulia yalivyopigwa na jua. Siku ile haijaamua bado.

Ile kijani mbona haichoshi?

Kwa sababu si moja. Mchoraji wa Kifaransa Eugène Delacroix aliandika katika shajara yake kwamba Constable mwenyewe alieleza ubora wa kijani cha malisho yake: kimeundwa kwa kijani nyingi tofauti, zilizowekwa bega kwa bega badala ya kukorogwa zikawa rangi moja. Na katikati ya kijani hizo ametia wekundu kidogo tu, kwenye matandiko ya shingoni mwa farasi. Funika wekundu huo kwa kidole ukiwa na nakala ya picha mkononi, uone uwanja mzima unavyopoa.

Zama zake wengi walitaka mandhari ya kahawia, kama picha za kale zilizopigwa vanishi mara nyingi. Inasimuliwa kwamba Sir George Beaumont, tajiri mpenda sanaa, alimshauri achukue rangi ya fidla kuukuu kuwa kipimo cha picha. Constable akaichukua fidla, akailaza kwenye majani mabichi mbele ya nyumba. Hakuwa na haja ya kusema neno.

Ilipokelewaje Uingereza?

Kwa ubaridi. Baadhi walioandika magazetini waliisifu, lakini ilimaliza maonyesho ya 1821 bila mnunuzi. Mwaka uliofuata akaionyesha tena mahali pengine, hivyo hivyo. Wengi waliiona kama kazi isiyomalizwa, na vile vidoa vyeupe vya mwanga alivyovinyunyiza juu ya majani na maji viliwakera, wakaviita theluji.

Na Wafaransa?

Hapa ndipo kisa kinapogeuka. Théodore Géricault, mchoraji Mfaransa aliyekuwa London wakati ule, aliiona mwaka 1821 na kurudi kwao akiwa ameshangazwa nayo. Mfanyabiashara wa picha wa Paris, John Arrowsmith, akaanza kuifuatilia. Walivutana juu ya bei, na mwaka 1824 wakakubaliana: The Hay Wain na picha nyingine kubwa ya Stour, pamoja na ndogo moja ya nyongeza, kwa pauni 250.

Mwaka huohuo ziliwekwa kwenye Salon, maonyesho makuu ya Paris. Wachoraji vijana walizisongea. Delacroix, inaelezwa, baada ya kuziona kazi za Constable alirudi kwenye picha yake mwenyewe kubwa ya mauaji ya Chios, kisiwa cha Ugiriki, na kuichora upya sehemu kadhaa kabla ya maonyesho kufunguliwa. Mfalme Charles X akampa Constable nishani ya dhahabu. Kizazi cha Wafaransa kilichokuja baadaye kwenda kuchora msituni Barbizon kilikuwa kimejifunza hapo.

Yeye hakwenda hata kuiona picha yake ikiwa imetundikwa Paris. Alibaki Uingereza, akichora mto uleule.

Maisha ya mashambani yalikuwa matulivu hivyo kweli?

Hapana. Swali hili nalipenda kuliko yote, na nadhani asiyejiuliza hivyo ameiona nusu ya picha.

Vita na Napoleon viliisha mwaka 1815. Askari walirudi, bei ya nafaka ikaporomoka, mishahara ya vibarua wa mashambani ikapungua, na mashine za kupura zikaanza kuchukua kazi ya majira ya baridi, ile ambayo maskini alikuwa akiitegemea ili asife njaa. Mwaka 1816 vibarua wa mashariki mwa Uingereza walifanya ghasia. Mwaka 1822, mwaka mmoja tu baada ya adhuhuri yetu, maghala na marundo ya mazao yalikuwa yakichomwa moto usiku katika Suffolk. Constable alijua. Katika barua kwa Fisher mwaka huo alieleza wasiwasi wa ndugu yake: hapiti usiku bila kuona moto, karibu au mbali.

Basi waangalie tena wale wakata nyasi. Wako mbali, wadogo, hawana sura. Hatusikii jasho lao. Aliyechora alikuwa wa upande wa wenye kinu, na kwa siasa alikuwa mtu wa kulinda mambo ya zamani. Mageuzi ya uchaguzi ya mwaka 1832 yalimtia hofu.

Kwa hiyo ni picha ya uongo?

Sisemi hivyo. Mtu anayedanganya hahangaiki kuulizia umbo la gari. Kila kitu kilichomo kilikuwepo: maji, gari, kuta, kazi. Alichokifanya ni kuichagua saa moja na kuishikilia, saa ya nchi aliyoijua akiwa mtoto, wakati nchi yenyewe ilikuwa ikiteketea vipande. Mimi naiona hofu katika utulivu ule. Naiona katika bidii ya rasimu ya mita mbili, katika mtu wa farasi aliyefutwa. Utulivu wa bure haugharimu hivyo.

Wapo wataalamu wanaomhukumu vikali kuliko mimi, kwamba aliwaficha maskini nyuma ya uzuri. Hoja yao ina uzito, na vidoa vile vyeupe vya mashati ndio ushahidi wao.

Ni kweli alizuiwa kuoa?

Kwa miaka saba. Yeye na Maria Bicknell walipendana mwaka 1809, lakini babu yake Maria, kasisi wa East Bergholt, hakutaka mjukuu wake aolewe na mchoraji asiye na kipato. Walioana tarehe 2 Oktoba 1816, baada ya baba yake Constable kufariki na kumwachia urithi. Fisher ndiye aliyewafungisha ndoa. Walipata watoto saba. Maria alikufa kwa kifua kikuu Novemba 1828. Miezi michache baadaye, Februari 1829, Royal Academy ikamchagua kuwa mwanachama kamili, kwa kura moja ya ziada, akiwa na miaka 52. Aliyengoja habari hiyo pamoja naye hakuwepo tena. Picha zake za miaka iliyofuata zina anga nzito, na rangi imekwaruzwa kwa kisu. Alifariki London tarehe 31 Machi 1837, akazikwa Hampstead kando ya mkewe.

Yeye na Turner, nani zaidi?

Sishindanishi. Turner, mchoraji mwenzake wa mandhari wa Kiingereza, alisafiri; Constable alikaa. Turner alizaliwa mwaka mmoja mbele na alipata heshima ya Royal Academy karibu miaka 30 mapema.

Kwa nini waandamanaji huichagua picha hii?

Kwa sababu Waingereza wengi wanapofumba macho na kuiwaza nchi yao, ndiyo wanayoiona. Mwaka 1980 msanii Peter Kennard alitengeneza picha ambamo gari lile limebeba makombora ya nyuklia, akipinga silaha za Marekani kuwekwa Uingereza. Juni 2013 mwanamume mmoja alibandika picha ya mtoto juu ya turubai kwa gundi. Julai 2022 vijana wawili wanaopinga mafuta na gesi waliifunika kwa nakala ambamo mto umegeuka barabara ya lami na ndege zimejaa angani. Kila mara ilisafishwa ikarudi ukutani. Sipendi mtu aiguse. Lakini ile nakala ya lami inakulazimisha kuuona tena mto.

Iko wapi sasa, na ni bei gani?

Iko National Gallery, Trafalgar Square, London, na kuingia ni bure. Ilipewa jumba hilo na Henry Vaughan mwaka 1886. Haiuzwi. Kwa kulinganisha, The Lock, nyingine kati ya zile sita, iliuzwa kwa mnada mwaka 2012 kwa zaidi ya pauni milioni 22.

Naweza kufika Flatford?

Unaweza. Panda treni ya London Liverpool Street mpaka Manningtree, kama saa moja, halafu tembea kando ya mto. Kinu kipo. Nyumba ya Willy Lott ipo, inatunzwa na shirika la National Trust, kuta zake nyeupe. Miti imebadilika, na usitegemee kukuta gari wala farasi. Simama ukingoni mwa bwawa, kinu kikiwa mgongoni mwako, na usubiri mawingu yapite.